Usizae Gatling mpya, wapandishe wapiga upinde

Wadogo zangu mnaokuja kucheza hapa kibandani Majengo huniuliza kwa nini Gatling zangu, zile bunduki za risasi mfululizo, zinafika mbali kuliko zenu. Kwenye Civilization V, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola na kupigana, ukikipandisha kikosi daraja kiwe cha zama mpya, uwezo kilioupata hakiuachi. Siri yenyewe ni hiyo tu.

Chukua Uingereza. Ukitengeneza Gatling mpya, itapiga kigae 1 cha ramani, basi. Lakini Longbowman, mpiga upinde wake, hurusha umbali wa vigae 3, wakati mpiga upinde wa kawaida wa zama zile anaishia 2. Watengeneze hao mapema, wengi, kisha uwapandishe ukishagundua teknolojia ya viwanda. Kile kigae cha ziada wanahama nacho, na Gatling yako inapiga vigae 2, nyuma ya mstari wa mbele, haiguswi. Kwa China, Chu-Ko-Nu, mpiga upinde wao, hupiga mara mbili kwa zamu, na akiwa Gatling anaendelea vilevile. Mimi nikichagua, nachukua China. Kuua haraka kunanifaa kuliko kufika mbali.

Kabla ya hapo jenga kambi ya jeshi mjini. Askari anatoka na pointi 15 za uzoefu, na uwezo wa kwanza unadai 10 tu. Wa pili ni 30, huo atautafuta vitani.

Wakati wa kupandisha, dhahabu ya kulipia iwepo, kikosi kirudi ndani ya mipaka yako kikiwa bado na hatua. Na kwa umeme wetu huu wa jioni, hifadhi mchezo kabla ya kubofya.