Usitupe vitako vya vitunguu majani

Ukinunua fungu la vitunguu majani sokoni, kata ukiacha kama sentimita 3 juu ya mizizi. Majani yaende kwenye mayai au kachumbari, kitako cheupe ukipande. Mimi natumia beseni lililopasuka, maana maji hayatuami. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri; mbichi inaunguza mizizi. Fukia mizizi tu, ncha nyeupe ibaki nje. Masika moja nilivizamisha vyote, fungu zima likaoza.

Baada ya siku chache utaona kijani kinachomoza katikati, chembamba kama ulimi wa mjusi. Usiwe na haraka! Subiri wiki 3 hivi, kisha kata kwa mkasi ukiacha vidole viwili juu ya udongo. Using'oe.

Shina likinenepa na kutoa machipukizi, lichimbue, ulipasue kwa mikono, kila kipande na mizizi yake, ukipande upya. Likitoa ua la duara, livunje mapema, labda kama unataka mbegu. Na kuku wazungushie wavu: si walaji sana wa kitunguu, ila kuchakura hawajambo.