Kabla hujapiga simu Texas kuuliza habari za ndugu yako aliye probesheni au parole

Kabla hujashika simu jamani, hakikisha kwanza unajua ndugu yako yuko chini ya ofisi gani, maana wengi wanaolalamika kwamba Texas hawajibu simu ukiwafuatilia unakuta walikuwa wanagonga mlango wa jirani. Kenya tumezoea huduma ya probesheni ni moja nchi nzima, Texas sivyo kabisa. Aliyehukumiwa akaachwa nje na jaji anasimamiwa na ofisi ya probesheni ya kaunti yake, wenyewe wanaiita CSCD, na mwenye neno la mwisho ni jaji wa kesi ile. Aliyetoka jela ya jimbo kabla kifungo hakijaisha huyo ni wa parole, yuko chini ya Texas Department of Criminal Justice, TDCJ kwa kifupi, ila kumtoa au kutomtoa siyo wao wanaoamua, kuna bodi ya peke yake inapiga kura. Halafu kuna kesi za serikali kuu ya Marekani, hizo zina maafisa wao wa probesheni na ukiwapigia TDCJ watakwambia hawamjui mtu huyo, na wala hawakudanganyi.

Na kama kakamatwa juzi tu basi bado yuko jela ya kaunti, tafuta kwenye tovuti ya sherifu. Tovuti ya TDCJ inaonyesha walio ndani ya magereza yao tu, inasasishwa siku za kazi na taarifa zake zimeshachelewa angalau saa 24, kwa hiyo usiingiwe na presha ukikosa jina leo.

Sasa jina lenyewe ndiyo shughuli. Majina yetu matatu yanapinduliwa, la babu linakuwa jina la ukoo, Ng'ang'a anaandikwa Nganga, Mwanaidi anakatwa katikati anakuwa Mwana Idi, na wenzetu waliopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu au Kakuma wengi karatasi zao zinasema wamezaliwa Januari 1, kwa hiyo ukitaja tarehe aliyokwambia mama yake haitaoana na ya kwenye kompyuta. Tena wao wanaanza na mwezi, 04/07 kwao ni tarehe 7 Aprili siyo 4 Julai, hapo watu wanakwama sana. Dawa yake ni namba. Omba namba ya TDCJ kama alipelekwa jela ya jimbo, au ile ya SID ambayo jimbo linampa mtu akichukuliwa alama za vidole, na kwa probesheni namba ya kesi pamoja na jina la kaunti. Ziandike kwenye karatasi, siyo kwenye simu hiyohiyo unayopigia.

Ukiwa Nairobi au Dar piga kwa saa zao. Houston na Dallas wako nyuma yetu saa nane wakati wa kiangazi chao na saa tisa wakati wa baridi, yaani ofisi ikifungua saa mbili asubuhi kule, huku ni saa kumi au kumi na moja jioni. Na usitegemee afisa akumwagie siri za mtu eti kwa sababu wewe ni shangazi yake, mpaka mwenyewe asaini fomu ya ruhusa. Bila hiyo bado unaweza kuacha ujumbe, ukasema wewe ni nani na unapatikanaje. Mkalimani uliza mapema, na sema ni Kiswahili cha wapi, maana mzee wa Uvira kule Kongo akiunganishwa na mkalimani wa Mombasa kwenye simu inayokatakata wanaweza kupotezana, na kuna wengine wangeelewa vizuri zaidi Kinyarwanda au Kirundi. Mtoto wa darasa la sita asifanywe mkalimani wa mambo haya, tafadhali.

Kama wewe ndiye unampokea nyumbani, kwa parole ile anuani yako inakaguliwa kabla hajatoka. Afisa atapiga simu kwa namba usiyoijua, pengine atakuja kuona nyumba, ukiizima ile simu ukidhani ni matapeli au voisimeili imejaa hakuna nafasi ya ujumbe, ndugu yako anaendelea kukaa ndani kwa sababu yako. Bunduki ndani ya nyumba ni tatizo, hata kama ni ya mumeo na ina kibali. Na mirungi, nasema waziwazi kwa sababu najua kuna watu wanaletewa, kemikali ya mirungi mibichi iko kundi moja na heroini kwa sheria ya Marekani, usimwekee mezani mtu anayepimwa mkojo.

Hela pia. Kwenye probesheni sheria inaruhusu jaji atoze kati ya dola 25 na 60 kwa mwezi, mbali na faini na gharama nyingine, na probesheni ya kesi kubwa inaweza kwenda mpaka miaka 10. Akiishiwa asikimbie ofisi! Kukosa hela na kukosa kuripoti ni vitu viwili tofauti, ile ya kwanza jaji anaweza kupunguza au kusamehe, hii ya pili inaleta waranti. Kwa upande wa parole kuna waranti wanayoiita ya bluu, ya anayedaiwa kuvunja masharti, akishikwa nayo kwa kawaida hakuna dhamana.

Ambaye siyo raia asikilize hapa zaidi. Kuna probesheni ambayo jaji hatamki hatia, ukimaliza vizuri kesi inafutwa, na kwa Mmarekani ni ahueni kweli. Ila kwa sheria ya uhamiaji ukikiri kosa na jaji akakuwekea masharti hiyo inahesabika kuwa umehukumiwa, hata kesi ikija kufutwa baadaye, kwa hiyo grin kadi inaweza kuingia matatani kwa kitu ambacho wakili wa kesi alikiita "hakuna shida". Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2010 kwamba wakili wa jinai lazima amweleze mteja hatari ya kufukuzwa nchini, muulize moja kwa moja, na akibabaika mtafute wa uhamiaji kabla ya kusaini.

Safari za msiba na harusi hizi tunajijua. Kutoka tu nje ya kaunti kunaweza kuhitaji ruhusa, na kuhamia kwa kaka yake Ohio kuna utaratibu wa majimbo kukabidhiana mtu, Ohio nao wanapeleleza kwanza ndio wakubali. Aombe akiwa bado Texas, na asikatishe lisi ya nyumba mpaka jibu lije kwa maandishi.