SOMO: Kumuuza beberu wa mbegu mpole, afike kwa mfugaji asiishie buchani

Wakuu habari za jioni. Tangu nimuuze beberu wangu chotara wa mbuzi wa maziwa wa Norway watu wananiuliza nilifanyaje, basi naandika yote hapa, maswali chini.

Hatua ya 1: Jua lini umuuze. Usisubiri achoke. Mbuzi anabeba mimba siku 150 hivi, na binti zake wakifika miezi 10 mpaka 12 wanafaa kupandwa, kwa hiyo ukipiga hesabu, mwaka na miezi mitatu mpaka mitano tangu aanze kazi kwako anaanza kukutana na binti zake mwenyewe. Hapo atoke, hata kama unampenda vipi. Mi nampenda sana huyu, mbegu yake ilitoka Mgeta kule Uluguru, ambako mbuzi wa Norway waliletwa kupitia SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1980, na nimemlea toka anyonye.

Hatua ya 2: Daftari. Beberu hakamuliwi, sasa mnunuzi anajuaje kama ana mbegu ya maziwa? Anaangalia mama yake na binti zake. Andika lita za mama asubuhi na jioni, tarehe beberu alizopanda, jike gani alishika mimba, alizaa wangapi. Mama wa huyu wangu alikuwa anatoa lita mbili na nusu kwa siku na daftari lipo, mnunuzi alilisoma kurasa zote kabla hata hajaingia bandani.

Hatua ya 3: Mkague mwenyewe kabla hujakaguliwa. Korodani zote mbili ziwe zimeshuka, zinalingana, ukizishika ngumu kiasi bila mabonge. Kwato zikatwe. Meno mawili makubwa ya mbele ni mwaka na kitu, manne ni kama miwili, usidanganye umri maana yanasema yenyewe. Alafu angalia chuchu, ndiyo, hata za dume! Akiwa na chuchu za ziada anaweza kuwarithisha binti zake.

Hatua ya 4: Mchunguze mnunuzi. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Beberu wangu wa kwanza nilimpeleka mnadani, jamaa akaniambia ana majike kumi na mbili, tukakubaliana bei, wiki moja baadaye nikaambiwa amechinjwa siku ile ile. Mpole vile, alikuwa anafuata mtu bila kamba. Iliniuma mpaka leo. Siku hizi naenda kuliona banda, nauliza majike wangapi, dume mwingine yupo, daktari wa mifugo unayemtumia nani. Asiyetaka nifike kwake simuuzii hata akiongeza hela.

Hatua ya 5: Afya na karatasi. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na ya homa ya mapafu, damu ipimwe brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, kibali cha kusafirisha toka kwa afisa mifugo, na mkataba wa kuuziana mbele ya mwenyekiti.

Hatua ya 6: Safari. Alfajiri kabla ya jua, asimame kwenye nyasi kavu, usimfunge miguu. Mpe mnunuzi gunia la chakula alichozoea, abadilishe kidogo kidogo siku 7 mpaka 10.

MASWALI

Mdau wa Njombe: Mkuu, akifika apande siku hiyo hiyo? Nina jike yuko kwenye joto.
Jibu: Hapana kaka. Mtenge wiki tatu nne kwanza, jike atarudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Na kama aliugua homa kali njiani, mbegu zinaweza kuharibika kama miezi miwili, usikimbilie kusema umeuziwa tasa.

Mdau wa Dodoma: Shikamoo. Majike yangu hayana pembe toka kuzaliwa, nitafute beberu asiye na pembe pia?
Jibu: Marahaba. Tafuta mwenye pembe mwanangu. Wote wawili wakiwa hawana pembe za kuzaliwa, baadhi ya watoto wanatoka huntha, yaani wa jinsia mbili, hawazai.

Dada wa Kibaha: Akiwa mpole hivyo watoto wangu wanaweza kucheza naye?
Jibu: Wamlishe, wampige brashi manyoya, sawa. Ila wasimsukume kipaji cha uso hata kwa mchezo, anajifunza kupiga watu, na kipindi cha joto la majike hata mpole anabadilika.

Mdau aliyemnunua: Mzee mi ndo nimemchukua, toka jana hataki kula vizuri, nimemwekea pumba nyingi.
Jibu: Toa pumba ndugu yangu, dume akizidishiwa pumba anapata mawe kwenye njia ya mkojo. Mpe majani na maji safi, muwekee mbuzi mwingine jirani wa kumwona asijisikie peke yake. Ukimwona anajikamua kukojoa na hakitoki kitu, mwite daktari usiku huo huo. Na jioni mkune shingoni, amezoea.