Jinsi ya kuchora ramani ya joto linalohisiwa na watu mitaani Dar es Salaam

Ramani ya joto la jiji ina manufaa pale inapoonyesha mzigo anaoubeba mchuuzi aliyesimama Kariakoo saa nane mchana, si joto la bati lililo juu ya kichwa chake. Setilaiti kama Landsat hupima joto la nyuso, yaani paa, lami na udongo, na huipitia Dar es Salaam asubuhi, kabla joto la hewa halijafika kilele. Picha zake zitumie kuchagua maeneo ya kupima, wala usizifanye kuwa ramani yenyewe.

Mwili huelemewa na mambo manne kwa pamoja: joto la hewa, unyevu, upepo na mionzi inayotoka juani, ukutani na ardhini. La nne ndilo linalopuuzwa mno, ilhali watu wawili, mmoja chini ya mwarobaini na mwingine juani hatua chache kando, wanaweza kuvuta hewa yenye joto karibu sawa na bado wakatofautiana sana katika joto wanalolihisi. Mionzi hiyo hukadiriwa kwa kipimajoto kilichowekwa ndani ya tufe jeusi lisilong'aa lenye kipenyo cha sentimita 15, pamoja na vipimo vya hewa na upepo. Tufe hilo huchelewa kutulia, kwa hiyo kwa vipimo vya kutembea ni afadhali tufe la kijivu la milimita 40. Kipimajoto cha hewa nacho lazima kikingwe dhidi ya jua.

Pima kati ya Desemba na Machi, siku isiyo na mawingu, katika mitaa ya sura tofauti: ghorofa za Posta, nyumba zilizosongamana za Tandale, bustani za Oysterbay, na ufukweni. Kila mahali pima juani na kivulini. Acha kifaa kimoja mahali pamoja siku nzima, ili vipimo vya saa tofauti viweze kulinganishwa.

Ili kujaza nafasi zilizobaki, tumia SOLWEIG, modeli ya kompyuta inayokokotoa vivuli na mionzi mitaani, iliyomo ndani ya UMEP, nyongeza ya bure ya QGIS, programu ya kuchora ramani. Michoro ya majengo inapatikana OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, ambako Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar es Salaam, ulifanya kazi kubwa. Pale urefu wa jengo unapokosekana, hesabu ghorofa na ukadirie mita 3 kwa kila moja. Miti nayo iingizwe kwa subira, hata mkungu mmoja wa kituoni, kwa kuwa bila miti modeli itakuonyesha jiji lisilo na vivuli vyake.

Mwishoni kokotoa UTCI, kipimo kinachounganisha mambo yale manne kuwa joto moja linalohisiwa, ukikumbuka kwamba hudai upepo wa kimo cha mita 10, hivyo upepo uliopimwa usawa wa kifua hubadilishwa kwanza. Rangi zifuate mipaka yake: nyuzi 26 hadi 32 za Selsiasi ni mzigo wa wastani, 32 hadi 38 mkali, 38 hadi 46 mkali sana, na zaidi ya 46 wa kupita kiasi. Chora ramani ya kila saa peke yake, kisha weka juu yake vituo vya daladala, masoko na vijiwe vya bodaboda.