Folda ipo lakini tupu: kutatua maunti ndani ya maunti kwenye NFS

Wakuu habari zenu. Leo tushike hili linalosumbua wengi, unashea folda kwa NFS (njia ya kushea folda kati ya kompyuta kwenye mtandao), ndani yake umemaunti, yaani umepandisha, diski nyingine, ukiwa kwenye seva unaona kila kitu kiko sawa ila ukienda kwa klaienti folda ipo lakini ndani hamna kitu. Mtu anapagawa anadhani data imeliwa. Data iko palepale, tulia, na tafadhali sana usiandike chochote kwenye hiyo folda mpaka umalize hatua hizi.

Mfano tutakaotumia: seva ina diski moja kwenye `/data`, diski ya pili imepanda kwenye `/data/picha`, na umeekspoti (umeshea kwa NFS) `/data` peke yake. `/data` tutaiita mzazi, `/data/picha` mtoto. NFS inahesabu kila diski kivyake, ekspoti ya `/data` inaishia pale diski ya kwanza inapoishia, haivuki. Klaienti anachokiona ni ile folda ya chini, ile uliyoitengeneza kwa mkdir kabla hujamaunti kitu juu yake, ndo maana iko tupu.

Hatua ya 1: anzia kwenye seva

Wengi wanakimbilia klaienti kwanza, hapo ndo masaa yanapotea. Andika hii kwenye seva:

`mountpoint /data/picha`

Ikikujibu `is not a mountpoint`, basi NFS haina kosa, diski yenyewe haijapanda.

Hapa naomba mnisikilize maana yalinikuta. Seva iliwashwa upya usiku, diski ya pili haikupanda na hakuna aliyegundua, watu wakaendelea kuandika siku mbili nzima kwenye folda ya chini bila kujua. Nilipokuja kuimaunti ile diski, ikafunika kila kilichoandikwa siku hizo mbili, simu zikaanza kulia kazi za watu hazionekani. Tulizipata hivi:

`mkdir /mnt/chini`
`mount --bind /data /mnt/chini`
`ls /mnt/chini/picha`

Hiyo `--bind` ya kawaida haibebi maunti za ndani, kwa hiyo inakuonyesha kilicho chini ya diski. Ukiweka `--rbind` inabeba zote na hutaona kitu, usichanganye.

Tangu siku hiyo kila folda ya kumauntia naipiga `chattr +i` (inaifunga isibadilishwe) ikiwa bado tupu, kabla diski haijapanda juu. Diski isipopanda hakuna anayeweza kuandika humo hata root, watu wanapata eror mapema, na eror ya mapema ni bora mara mia.

Hatua ya 2: angalia ekspoti

`exportfs -v`

Hii inaorodhesha ulivyoekspoti. Kurekebisha una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka `crossmnt` kwenye mstari wa mzazi ndani ya `/etc/exports`:

`/data 10.0.0.0/24(rw,sync,no_subtree_check,crossmnt)`

Ya pili ni kumpa mtoto mstari wake:

`/data/picha 10.0.0.0/24(rw,sync,no_subtree_check,mp)`

Hiyo `mp` inasema usiekspoti kama hakuna diski iliyopanda hapo, mimi naipenda kwa sababu niliyosimulia juu. Na `crossmnt` ni rahisi ila inafungua kila kilichomauntiwa chini ya `/data` kwa ruhusa zilezile za mzazi, kwa hiyo kama humo kuna diski ya bakapu fikiria mara mbili, mimi ningeenda na mstari wa pekee.

Kuna na `nohide`, hiyo inakaa kwa mtoto, lakini inafanya kazi vizuri ukitaja hosti mojamoja tu, ukiitaja sabneti nzima (kama `10.0.0.0/24`) au nyota (`*`) haitabiriki. Kwenye NFSv4 (toleo la nne la NFS) huihitaji kabisa. Ukimaliza piga `exportfs -ra` ili seva isome mistari upya.

Hatua ya 3: sasa klaienti

Piga `nfsstat -m` uone kama ni v3 au v4. Tuseme klaienti ameimaunti `/data` kwenye `/mnt/data`. Toa maunti, rudisha, halafu ingia ndani kwa `ls /mnt/data/picha/`. Kwenye v4 ukigusa tu ile folda kernel inaimaunti yenyewe, na usipoitumia inajitoa baada ya sekunde 500 hivi, kwa hiyo usishtuke `df` ikiionyesha asubuhi na mchana haipo. Kwenye v3, kama mtoto ana mstari wake tu bila crossmnt wala nohide, itabidi umaunti kwa mkono, mzazi kwanza ndo mtoto afuate. Ukigeuza, mzazi anamfunika mtoto.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu nimeweka crossmnt, nitajuaje kama kweli imevuka?
Jibu: Baada ya ile `ls`, piga `stat -c %d /mnt/data /mnt/data/picha`. Namba mbili tofauti maana yake umevuka. Zikifanana bado uko kwenye diski ya mzazi, na `df` itakupa saizi ileile kwa zote mbili.

Swali: Nikitaka kutoa maunti inaniambia target is busy, niweke -l (kuitoa kwa lazima bila kusubiri) tu?
Jibu: Hapana ndugu, subiri kwanza. Mtoto bado amepanda au kuna mtu yuko ndani, mara nyingi ni terminali yako mwenyewe uliyoiacha humo. `fuser -vm /mnt/data` itakuonyesha nani, ukishamtoa piga `umount -R /mnt/data`, inaanza na watoto.

Swali: Mtoto wangu ni tmpfs, exportfs inakataa kabisa.
Jibu: tmpfs inakaa kwenye RAM, haina UUID (namba ya kipekee) ya kudumu ya kuitambulisha. Mpe mstari wake na uongeze `fsid=` na namba yoyote ambayo hujaitumia kwingine, ila usiweke 0, hiyo ni ya mzizi wa v4.

Swali: Kaka, na kama /data/picha yenyewe inatoka seva nyingine kwa NFS?
Jibu: Usiipitishe katikati. Mwambie klaienti aimaunti moja kwa moja kutoka kule inakotoka. Kuekspoti tena NFS juu ya NFS kunawezekana ila kuna mipaka mingi, na seva ya katikati ikizimika wote mnakwama.

Swali: Nimerudisha diski ila klaienti mmoja anasema Stale file handle.
Jibu: Huyo bado ameshika anwani ya zamani. Atoke kwenye folda, atoe maunti, aimaunti upya. Wengine waache wanavyofanya kazi.