Stuli tatu za mwanangu: namna ya kumjengea miguu nguvu mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mimi ni seremala hapa Makorora, Tanga. Mwanangu ana miaka 9. Alizaliwa akachelewa kulia, na tangu utotoni miguu yake yote miwili hukakamaa. Anatembea kwa fimbo, magoti yanasuguana. Miaka mingi tulikuwa tunamnyoosha tu. Niliwahi kuambiwa mtoto wa namna hii asitumie nguvu, atakakamaa zaidi, nikatii. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemwona sasa ndiye aliyenieleza kwamba hofu hiyo ni ya zamani: tangu miaka ya 1990 watafiti, akiwamo Diane Damiano wa Marekani, walionyesha kuwa msuli uliokakamaa huwa pia dhaifu, na ukifanyishwa kazi unapata nguvu bila kukakamaa zaidi.

Kilichonisukuma ni choo cha shule. Ni cha kuchuchumaa, na mwanangu alikuwa hainuki mpaka aite mwenzake. Akaanza kukataa kunywa maji asubuhi. Siku nilipogundua sababu, niliacha kabati la mteja nikachonga stuli.

Pima kwanza kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Wangu alikuwa na sentimita 34. Nilitengeneza stuli tatu: ya sentimita 42, ya 38 na ya 34. Kiti kirefu ni chepesi kuinukia, kifupi ni kigumu; mtoto anashuka kidogo kidogo. Usiye na mbao, anzia ukingoni mwa kitanda, kisha kiti cha plastiki, kisha kigoda cha jikoni, alimradi kisiteleze. Kiegemeze ukutani.

Mtoto akae juu ya kiti, kwenye ukingo wa mbele, nyayo zote chini, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asimame. Kaa mbele yake, mikono yako tayari lakini usimvute. Magoti yakiingia ndani, weka viganja vyako ubavuni mwa magoti, kwa nje, umwambie asukume mikono yako. Kushuka nako kuna faida, na ndiko watoto wanakodanganya kwa kujitupa. Mwanangu nilimwambia stuli ina yai juu yake. Anashuka akihesabu moja hadi nne kwa sauti, na kwa kuwa anahesabu, hazuii pumzi.

Ainuke mara 8, apumzike dakika mbili, arudie, jumla mizunguko mitatu. Mara mbili za mwisho lazima ziwe ngumu kweli, uso ubadilike. Zikiwa rahisi tangu mwanzo hadi mwisho, hujengi nguvu, mnapitisha muda. Akifikisha 12 bila taabu katika mizunguko yote mitatu, mhamishie stuli fupi zaidi. Siku tatu kwa wiki zinatosha, kwa kuruka siku. Sisi ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Msuli hukua ukipumzika, na chakula kiwepo: maharage, dagaa, yai likipatikana.

Stuli zikiisha, ongeza uzito. Nilijaza mchanga katika soksi, mwenye duka akanipimia kwenye mizani yake, nusu kilo kila soksi, zikaingia kwenye begi la shule. Hapa nilikosea. Kwa furaha ya kuona anapanda haraka nilimwekea kilo tatu kwa mara moja. Kesho yake goti liliuma asiweze kukanyaga, tukapoteza wiki mbili. Anza na soksi moja, kaa nayo wiki nzima. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Kiungo kikiuma, au kikivimba, acha umwone mtaalamu.

Siku hizohizo tunafanya mengine mawili. Anapanda na kushuka kijingazi cha sentimita 10 akishika meza, mguu dhaifu ukitangulia kupanda. Kisha analala chali mkekani, magoti yamekunjwa, anainua makalio na kuyashikilia. Mtoto anayetembelea vidole naye asiachwe: vigimbi vyake vimebana, lakini havina nguvu. Kunyoosha hatukuacha, tunafanya kila jioni.

Haya ni kwa mtoto anayeweza kusimama, hata kwa kushikilia, na anayefuata maelekezo. Kama hawezi kukaa bila kuegemezwa, ana kifafa kisichotulia au amefanyiwa upasuaji karibuni, usifuate hesabu zangu. Huyo anahitaji mpango wake, na kama hatembei, ulizia nyonga zake zipigwe picha, maana zinaweza kuchomoka polepole bila mzazi kujua.

Usitazamie mabadiliko wiki ya tatu. Sisi tuliyaona karibu wiki ya kumi: aliinuka kwenye stuli ya 34 bila kugusa paja, akaketi tena, akainuka tena kunionyesha. Bado anatembea kwa fimbo, na magoti bado yanasogeleana. Chooni nilimfungia bomba la kushikilia ukutani, mwalimu mkuu aliponiruhusu. Sasa anaingia peke yake, na asubuhi anamaliza kikombe chake cha maji. Wiki hii nachonga stuli ya sentimita 30.