Kufunga sola nyumbani Tabora bila kuachana na LUKU

Nafunga sola Tabora mjini. Wateja wengi wakinipigia huanza na bei ya paneli, nami huwauliza mwezi uliopita walinunua uniti ngapi. Gharama yote inatokana na jibu hilo.

1. Soma mita kwanza

Kwa siku saba, andika usomaji wa mita kila jioni saa ileile. Mteja wa nyumbani wa D1, yaani kundi la bei la matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 za mwezi. Zinazozidi ni shilingi 350 kila moja, kabla ya VAT na tozo. Basi usihangaike na sola ya nyumba nzima. Tafuta ya kubeba zile za juu ya 75. Familia moja ya Isevya ilikuwa inafika uniti 130. Friji, taa na feni vilipohamia kwenye sola, zikapungua kama 60, na LUKU ikabaki kwenye bei ya chini.

2. Piga hesabu ya vyombo

Taa sita za LED za wati 9 kwa saa tano: wati-saa 270. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano: 300. Feni ya wati 50 kwa saa nane: 400. Friji ndogo kama 1,000 kwa siku. Jumla inakaribia wati-saa 2,000, yaani uniti 2. Pasi, heta na jiko la umeme waachie TANESCO. Pasi ya dakika ishirini itakununulisha inveta kubwa bure.

Kwa jua la Tabora mimi huhesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, kisha natoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa njiani. 2,000 gawanya kwa 3.75 ni wati 533. Paneli mbili za wati 300 zinatosha.

3. Nunua kwa awamu

Anza na paneli na inveta ya haibridi, ile inayotumia umeme wa paneli, betri na TANESCO kwa pamoja. Betri ije baadaye. Lakini soma karatasi ya inveta kabla hujatoa hela. Iwe inakubali kufanya kazi bila betri, na uangalie volti za chini kabisa inazotaka kutoka kwenye paneli. Nyingine hazianzi mpaka zipate zaidi ya volti 100, na paneli zako mbili hazifiki huko. Nimeona watu wakikwama hapo, mzigo umeshafika nyumbani.

Betri ya asidi ni rahisi dukani, ila ukiishusha chini ya nusu kila usiku haitakaa. Lithiamu ya volti 24, Ah 100, inakupa karibu uniti 2 kila usiku, kwa miaka mingi zaidi. Ni heri ukae miezi sita bila betri, ukusanye fedha ya lithiamu.

4. Paa

Tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi kama 5, kwa hiyo paneli zitazame kaskazini, mwinamo nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Acha nafasi ya vidole vinne juu ya bati hewa ipite.

Halafu miembe. Kivuli cha tawi moja kikiangukia kona ya paneli kinashusha umeme wa mstari mzima. Niliwahi kufunga nyumba moja saa tisa alasiri, jua limejaa. Asubuhi mwembe wa jirani ukawa umefunika nusu ya paneli, nikalazimika kufungua zote. Sasa naangalia paa saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi.

5. Waya

Tumia waya wa shaba wa mm² 6 na breka iliyoandikwa DC. Breka ya kawaida ya AC haizimi cheche za umeme wa paneli, inaweza kuungua. Weka ethi na kizuia radi. Radi za Novemba mnazijua.

6. Kuunganisha na TANESCO

Hapa mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Laini ya TANESCO iingie kwenye inveta. Inayotoka kwenye inveta iende kwenye bodi ndogo ya breka, ya taa, feni na friji peke yake. Usichomeke kamwe inveta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba.

Zima kwenye mipangilio uwezo wa kurudisha umeme nje. Mita nyingi za LUKU huhesabu umeme unaotoka kama matumizi, au hujifunga. Ukitaka kupeleka ziada kwenye gridi, omba TANESCO kwanza, mkubaliane, ufungiwe mita inayosoma pande zote mbili.

Mwisho, zima swichi kuu huku sola inafanya kazi, kisha fundi apime kwa testa waya unaotoka kwenye swichi hiyo kwenda kwenye inveta. Pasiwe na umeme hata kidogo. Laini ikikatika mtaani, kuna kijana wa TANESCO atakayepanda nguzo akiamini waya umekufa. Testa ikiwaka, zima kila kitu na usiwashe mpaka kosa limepatikana.